Bango la Tamasha Linapoharibika: Utatuzi wa Matatizo ya Uchapaji wa Skrini kwa Kumbi za Muziki za Dar es Salaam

Kumbi za muziki za Dar es Salaam, kuanzia zile za dansi na taarabu za Kinondoni na Magomeni hadi majukwaa ya sanaa ya Mikocheni na Upanga, bado zinahitaji bango la karatasi. Tangazo la simu humfikia yule ambaye tayari anamfuata msanii, lakini bango lililobandikwa karibu na kituo cha daladala humfikia jirani wa ukumbi ambaye hakujua kwamba Jumamosi kuna onyesho. Uchapaji wa skrini, yaani kusukuma wino kupitia wavu uliokazwa kwenye fremu, unaifaa kazi hiyo, kwa kuwa mabango yanayotakiwa huwa makumi kadhaa au mia chache, rangi zake ni mbili au tatu, na wino wake hulala mzito juu ya karatasi.

Matatizo ya kazi hii hujirudia kutoka karakana moja hadi nyingine. Wengi huanza kurekebisha pale kasoro inapoonekana, yaani mezani, kwa kukandamiza zaidi au kubadilisha wino, na mara nyingi jitihada hizo hupotea bure, kwa sababu kasoro iliingia kabla kopo la wino halijafunguliwa: kwenye filamu (karatasi angavu yenye mchoro mweusi), kwenye emulsheni (dawa inayopakwa kwenye wavu na kugandishwa kwa mwanga, isipokuwa pale panapofunikwa na mchoro) ambayo haikukauka, au kwenye karatasi iliyonyonya unyevu. Kwa hiyo, chini ya kila dalili, sababu zimepangwa kuanzia ile inayotokea mara nyingi zaidi, na ukaguzi usiogharimu kitu umetangulia. Badilisha jambo moja tu kwa wakati, chapa karatasi moja ya majaribio, kisha ndipo ubadilishe jingine.

Dalili: Emulsheni inabanduka na kutoka yote wakati wa kuosha skrini

Hili ni lalamiko la kawaida katika mji huu, na kati ya Machi na Mei, wakati wa masika, huongezeka. Umepaka emulsheni, umeiacha ikauke, umeichoma, yaani umeipiga mwanga kupitia filamu, kwa muda uleule wa siku zote, lakini maji yanapoigusa, picha na mandharinyuma vyote vinaondoka pamoja.

Sababu ya kwanza ni unyevu. Emulsheni huweza kuonekana kavu kwa macho na hata kwa kidole huku ndani ikiwa bado imeshika maji, na emulsheni yenye maji haigandi sawasawa inapopigwa na mwanga. Hewa ya pwani mara nyingi huwa na unyevu wa zaidi ya asilimia 75, na kiwango kinachofaa katika chumba cha kukaushia ni chini ya asilimia 50. Feni peke yake haisaidii sana, kwa kuwa inazungusha hewa ileile yenye maji. Ukaguzi rahisi ni kugusa uso wa emulsheni kwa mgongo wa mkono: ukihisi ubaridi, maji bado yanatoka. Kipimo kidogo cha unyevu cha kutundika ukutani ni chombo ambacho kila karakana ya Dar es Salaam ingepaswa kuwa nacho kabla ya kununua skwiji (mpini wenye mpira wa kuvutia wino) ya pili.

Suluhisho ni kuipa skrini nafasi ndogo iliyofungwa, kama kabati au chumba kidogo chenye giza, ambamo kiyoyozi au mashine ya kuondoa unyevu inaweza kufanya kazi, na kuilaza upande wa karatasi (unaogusa karatasi wakati wa kuchapa) ukitazama chini ili emulsheni itulie upande huo. Joto lisizidi nyuzi 40 za Selsiasi, kwa sababu joto kali huanza kuigandisha emulsheni hata pasipo mwanga. Masaa mawili yanayotosha mwezi wa Julai hayatoshi mwezi wa Aprili. Acha usiku mzima.

Sababu ya pili ni muda mfupi wa kuchoma. Dalili yake ya pekee ni utelezi wa mlenda upande wa ndani wa skrini, ule unaopita skwiji, wakati uso wa nje unaonekana mzima. Mwanga haukufika ndani. Badala ya kukisia, fanya jaribio la ngazi: funika skrini kwa kadibodi nyeusi, ifunue kipande kimoja baada ya kingine kwa vipindi vilivyo sawa, kisha osha na utazame ni kipande kipi kimegandika bila utelezi na bado kimehifadhi mistari myembamba. Jaribio hili lirudiwe kila unapobadilisha taa, aina ya emulsheni au idadi ya mapako.

Wanaochoma kwa jua wanahitaji uangalifu zaidi. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, na jua la adhuhuri hupita karibu utosini kabisa mwanzoni mwa Machi na tena kabla ya katikati ya Oktoba. Tofauti kati ya saa sita mchana na saa kumi jioni ni kubwa, na wingu moja linalopita katikati ya zoezi huharibu hesabu yote. Chagua saa moja maalumu ya siku, siku isiyo na mawingu, na ushikamane nayo.

Sababu ya tatu ni emulsheni iliyozeeka. Emulsheni ya diazo, ile inayochanganywa na kemikali ya kuhisi mwanga kabla ya kutumiwa, ikishachanganywa huanza kuhesabu siku zake, na katika joto letu huharibika mapema kuliko kopo linavyodai ikiwekwa juu ya rafu. Ihifadhi kwenye jokofu, bila kuiacha iwe barafu, na uandike tarehe ya kuichanganya juu ya kifuniko.

Mwisho kabisa, kagua mafuta kwenye wavu. Wavu mpya na wavu ulioshikwashikwa kwa mikono huwa na mafuta yasiyoonekana. Uoshe kwa sabuni ya kawaida isiyo na losheni, kisha usiuguse tena kwa vidole.

Dalili: Picha haifunguki hata baada ya kuosha kwa muda mrefu

Hapa jambo limegeuka: mwanga umezidi, au umepenya mahali usipotakiwa. Anza na filamu. Ishike kuelekea dirishani. Ikiwa unaona mwanga ukipita katikati ya weusi, filamu hiyo ni dhaifu, na hilo hutokea mara nyingi kwa karatasi ya kuchorea inayopitisha mwanga (tracing paper) iliyochapwa kwa printa ya leza yenye tona iliyokaribia kwisha. Pandanisha nakala mbili zilizolingana au chapa upya ukiwa umeweka weusi wa juu kabisa. Kisha hakikisha filamu inabanana na emulsheni kwa kioo kizito, na kwamba upande wenye tona ndio unaogusa emulsheni, kwa sababu nafasi ndogo tu huruhusu mwanga kuingia pembeni na kula herufi nyembamba.

Baada ya hapo punguza muda wa kuchoma. Kagua pia kama chumba kina mwanga wa nje: taa ya njano inafaa, lakini bomba jeupe la taa na mwanya wa mlango mchana havifai.

Wakati mwingine kosa ni la maji tu. Presha ya bomba inapokuwa ndogo, au maji yanapotoka kwenye ndoo, emulsheni laini haitoki kwenye matundu. Pampu ya mkono ya kunyunyizia dawa mimea, iliyo mpya na ambayo haijawahi kutiwa dawa, hufanya kazi hii vizuri kwa bei ndogo. Ukitumia mashine ya umeme ya presha, simama mbali na uhakikishe soketi na nyaya ziko mahali pasipofikiwa na maji. Ukihisi mtetemo wa umeme kwenye fremu au kwenye mashine, acha kazi papo hapo, zima swichi kuu ukiwa mkavu, na umwite fundi umeme mwenye leseni. Hilo halina jaribio la pili.

Dalili: Wino unakauka ndani ya wavu katikati ya kazi

Karatasi 20 za kwanza zinatoka safi, halafu jina la msanii linaanza kukatikakatika. Ni tatizo la wino wa maji, na hukithiri Januari na Februari wakati joto la kaskazi limeshika mji.

Kwanza zima feni iliyo juu ya meza. Ni jambo gumu kwa mtu anayetoka jasho, lakini upepo unaompoza mchapaji ndio unaokausha wino. Elekeza feni kwenye mabango yaliyokwisha kuchapwa. Pili, baada ya kila bango, vuta wino juu ya wavu bila kukandamiza, ili matundu yabaki yamefunikwa wakati unabadilisha karatasi. Tatu, weka wino wa kutosha. Wachapaji wengi huweka kijiko kimoja kimoja kwa kuogopa hasara, na wino mchache hukauka haraka kuliko mwingi. Yote hayo yakishindikana, ongeza kichelewesha-ukaukaji kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kopo, kwani kikizidi bango litanata kwa siku nzima.

Kama wavu wako ni wa nyuzi 120 kwa sentimita na mchoro hauna mistari myembamba, shuka hadi nyuzi 77. Matundu makubwa huziba polepole zaidi. Nyuzi 43, ambazo wachapaji wa fulana wamezizoea, humwaga wino mwingi mno kwa karatasi.

Matundu yakishaziba, futa kwa kitambaa chenye maji kutoka pande zote mbili kabla wino haujawa mgumu. Usikwangue kwa kitu chenye ncha.

Dalili: Kingo za herufi zinavuja na maneno madogo yanajaa wino

Geuza skrini utazame upande wa chini. Ikiwa kuna wino umejikusanya huko, sababu karibu kila mara ni moja kati ya tatu zifuatazo: skrini imelala juu ya karatasi pasipo nafasi, mkono unakandamiza mno, au wino umezimuliwa kupita kiasi. Inua skrini kwa vipande vya kadibodi kwenye pembe ili pawe na milimita 2 hadi 4 kati ya wavu na karatasi, hivi kwamba wavu unagusa pale tu skwiji inapopita na kuachia mara moja nyuma yake. Shikilia skwiji kwa pembe ya takriban nyuzi 70 na uvute kwa mwendo mmoja usiokatika.

Kisha tazama mpira wa skwiji. Ukingo uliokuwa mkali ukishakuwa wa mviringo, hauwezi kukata wino. Uugeuze upande wa pili au uunoe kwa msasa uliolazwa juu ya ubao ulionyooka. Kwa karatasi, mpira wa ugumu wa 70 hadi 80 kwa kipimo cha Shore A unafaa kuliko ule laini.

Wavu uliolegea ndio sababu ya mwisho, na si wa kurekebishwa nyumbani. Ukiubonyeza katikati kwa kidole gumba na ukazama kama godoro, mpelekee fundi mwenye mashine ya kuvuta nyavu, kwa sababu kuuvuta kwa mkono na kuupigilia stepo hutoa mvutano usio sawa ambao utakuletea tatizo linalofuata.

Dalili: Rangi ya pili haikai mahali pake

Mwanamuziki ana midomo shavuni. Hakuna kasoro inayopoteza karatasi nyingi kuliko hii, na hakuna inayomkatisha tamaa mwenye ukumbi kwa haraka zaidi.

Kagua kwanza jinsi karatasi inavyowekwa. Meza inatakiwa kuwa na vizuizi vitatu vya kadibodi nene, viwili upande mrefu na kimoja upande mfupi, na kila karatasi isukumwe iguse vyote vitatu kwa mpangilio uleule. Rangi zote zitumie pembe ileile ya karatasi. Karatasi zilizokatwa kwa rundo kwenye mashine ya kukatia hazilingani kikamilifu; A2 inapaswa kuwa milimita 420 kwa 594, lakini ya juu na ya chini katika rundo moja zaweza kutofautiana kwa milimita nzima. Ukitumia pembe moja, tofauti hiyo hubaki upande usiodhuru.

Pili, tikisa fremu. Bawaba zikiwa na mchezo hata wa kusikika kidogo tu, zikaze au uzibadilishe.

Tatu, fikiria karatasi yenyewe. Nyuzi za karatasi hunyonya unyevu na kupanuka, zaidi katika upande unaokatiza mwelekeo wa nyuzi hizo. Karatasi iliyotoka duka lenye kiyoyozi Kariakoo ikachapwa rangi ya kwanza mchana huohuo, kisha ikalala usiku wa mvua kwenye karakana iliyo wazi, asubuhi si karatasi ya kipimo kilekile. Ifungue na uiache katika chumba cha kazi siku moja kabla, chapa rangi zote siku moja inapowezekana, na usitumie karatasi iliyo chini ya gramu 150 kwa mita ya mraba kwa wino wa maji, kwani itajikunja. Gramu 200 hadi 250 hutulia vizuri zaidi.

Nne, filamu. Joto la printa ya leza hubana karatasi ya kuchorea na kuifupisha kidogo. Filamu ya rangi ya kwanza iliyochapwa leo na ya pili iliyochapwa wiki ijayo kwa printa nyingine haziwezi kulingana. Zipandanishe juu ya kioo kabla ya kuchoma skrini. Alama za ulinganifu za pembe zote nne zinapaswa kufunikana.

Baada ya yote hayo, msaada mkubwa zaidi unatoka kwa msanifu. Rangi mbili zinazopakana zisikutane ukingo kwa ukingo. Ile nyeusi zaidi ipande juu ya ile nyepesi kwa takriban nusu milimita. Msanifu anayekataa kufanya hivyo kwa kuogopa kuharibu mchoro wake anamwachia mchapaji kazi ambayo mikono ya binadamu haiwezi kuifanya mara 200 mfululizo.

Dalili: Uso wa msanii umejaa weusi, au una michirizi ya mawimbi

Picha lazima igeuzwe kuwa vinukta kabla ya kuchapwa. Uso ukijaa weusi, vinukta ni vidogo mno kwa wavu uliopo. Gawanya idadi ya nyuzi za wavu kwa 4 au 5: wavu wa nyuzi 90 kwa sentimita unabeba takriban mistari 20 ya vinukta kwa sentimita, si zaidi. Kwa ukumbi wa muziki, vinukta vikubwa vinavyoonekana ni jambo zuri, na vinavumilia makosa.

Michirizi ya mawimbi hutokea pale safu za vinukta zinapogongana na nyuzi za wavu. Zungusha vinukta kwa pembe ya nyuzi 22.5 kwenye programu ya usanifu, kisha jaribu kuzungusha filamu yenyewe kidogo juu ya wavu kabla ya kuchoma. Mara nyingi michirizi huonekana kwa macho hapohapo juu ya kioo, na hupotea ukipata pembe sahihi.

Dalili: Nukta ndogo za wino zinatokea mahali pasipo na mchoro

Ni vumbi kwenye kioo au kwenye emulsheni. Futa kioo, na uzibe vitobo kwa emulsheni iliyopakwa kwa brashi ndogo au kwa selotepu upande wa karatasi.

Dalili: Bango ni zuri kwenye kompyuta, lakini watu bado wanauliza onyesho ni lini

Tatizo hili halina uhusiano na wino, na kwa mwenye ukumbi ndilo ghali kuliko yote. Sababu ya kawaida ni kwamba mambo matano yanayohitajika, yaani nani, siku gani, saa ngapi, wapi na kiingilio, yamepewa ukubwa mmoja na majina ya wadhamini. Libandike bango ukutani, vuka barabara, na umwombe mtu asiyejua habari hiyo akusomee siku na mahali. Akishindwa, rudi kwenye kompyuta kabla hujachoma skrini yoyote.

Sababu ya pili ni rangi zinazokaribiana kwa uzito, kama nyekundu juu ya buluu. Geuza mchoro kuwa mweusi na mweupe. Maneno yakipotea hapo, yatapotea pia jioni chini ya taa ya barabarani. Sababu ya tatu ni herufi nyembamba zilizoachwa nyeupe ndani ya rangi nzito, ambazo wino huzila pande zote mbili. Zinenepeshe.

Andika siku ya wiki pamoja na tarehe. Na kama saa imeandikwa 2:00, ongeza neno «usiku» na, kwenye mabano, 20:00, kwa kuwa wageni wa mji wanahesabu saa kwa namna nyingine.

Kwa ukumbi wenye onyesho la kila wiki, kuna njia inayookoa fedha na makosa: chapa mandharinyuma ya rangi moja au mbili kwa wingi, ukiacha nafasi wazi, kisha kila wiki uchape jina la bendi na tarehe kwa skrini moja ndogo. Tarehe ikikosewa, kinachopotea ni skrini hiyo na mabango ya wiki hiyo tu.

Dalili: Bango linapauka au kutiririka baada ya siku chache ukutani

Likitiririka kwenye mvua, ama wino ulikuwa rangi ya maji ya shuleni isiyofaa kwa kazi ya nje, ama mabango yalirundikwa kabla hayajakauka. Yatundike kwenye kamba kwa vibanio, na wakati wa masika uyape siku nzima. Wino wa akriliki ukishakauka sawasawa huvumilia maji. Kupauka kunasababishwa na mwale wa jua, na nyekundu na njano za bei rahisi huondoka mwanzo, kwa hiyo siku na mahali viandikwe kwa nyeusi, ambayo hudumu.

Dalili: Emulsheni ya zamani haitoki, au picha ya tamasha lililopita bado inaonekana kwenye wavu

Kivuli hafifu kilichobaki peke yake, wakati matundu yako wazi ukitazama kuelekea mwangani, hakina madhara. Endelea na kazi. Emulsheni ikigoma, sababu kubwa ni dawa ya kuondolea kuachwa ikaukie juu ya skrini, jambo ambalo huigandisha moja kwa moja. Paka, subiri dakika chache, sugua pande zote mbili, osha ikiwa bado mbichi. Sababu nyingine ni wino uliobaki juu yake na kuizuia dawa isifike. Ondoa wino kwanza.

Hapa ndipo watu wanapoumia, kwa hiyo maneno yafuatayo yasirukwe. Klorini ya kufulia, ambayo baadhi huitumia kuondolea emulsheni, isichanganywe kamwe na dawa ya choo yenye asidi wala na amonia, kwa kuwa hutoa gesi yenye sumu. Dawa za kuondoa vivuli zenye magadi makali huunguza ngozi na macho. Vaa glavu na miwani. Zikiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa angalau dakika 15 kisha nenda hospitali, hata kama maumivu yamepungua. Unga wa rangi ya chungwa unaouzwa kwa kutengenezea emulsheni, bikromati, unaweza kusababisha saratani na mzio wa ngozi usiopona. Ikiwa muuzaji hawezi kukuonyesha lebo yake, usinunue.

Wino wa mafuta na thina vitumike penye hewa inayopita, mbali na jiko na sigara. Ukianza kuumwa kichwa au kuhisi kizunguzungu, toka nje na usirudi kumalizia bango lililobaki. Vitambaa vilivyolowa thina viwekwe kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko. Moto ukiwaka usimwagie maji wino wa mafuta. Toa watu nje na upige 114, namba ya Zimamoto. Mabaki ya thina na bikromati yasimwagwe kwenye mtaro, kwa sababu mitaro mingi ya mji huishia Mto Msimbazi na kisha baharini. Yahifadhi kwenye vyombo vilivyofungwa na kuandikwa, halafu uyakabidhi kwa mkusanyaji wa taka hatarishi mwenye kibali.